Mama Majoho Atafuta Fundi wa Tovuti

Phelesia Awino alikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili alipoambiwa kwamba hana tovuti. Kabla ya hapo alikuwa ameambiwa kwamba hana cheti, kwa kuwa aliacha shule darasa la nne, na kwamba hana sauti ya kuimba, jambo ambalo kiongozi wa kwaya alimweleza kwa upole, kisha akampa kazi ya kushona majoho badala yake. Hayo mawili alikuwa ameyazoea. Kazi ya majoho ilimpa hata jina, maana Homa Bay nzima ilimwita Mama Majoho. Lakini hili la tovuti lilimkuta hajajiandaa. Hakujua kama ni kitu cha kuning'inizwa ukutani au cha kuwekwa mezani.

Habari ililetwa na barua kutoka Denmark. Aliyeandika ni Mchungaji Inger, mama mrefu aliyewahi kuzuru kanisa lao mara moja akala samaki mpaka kichwa, akaheshimiwa tangu siku hiyo. Parokia yake na jirani zake sita walikuwa wakiandaa tamasha la kwaya la kuukaribisha mwaka 2000, na walitaka majoho ya waimbaji wote yashonwe Kenya. Karakana tatu zilikuwa zimependekezwa, na ya Phelesia ilikuwa mojawapo. "Kamati itakutana Alhamisi, tarehe 14 Oktoba," barua ilisema. "Tutazitazama tovuti zenu zote tatu katika kompyuta ya ofisi yetu, kisha tutapiga kura. Tafadhali tutumie anwani ya tovuti yako."

Phelesia aliisoma mara tatu, midomo ikicheza, jambo ambalo katika darasa la jioni alikuwa akikatazwa kila siku. Kisha akawatazama wanawake wawili walioinama juu ya cherehani zao. Orpah alikuwa naye miaka kumi na mmoja na alikuwa na mdomo wa kutosha watu wanne. Nyanchoka alikuwa naye miaka sita na alikuwa haongei ila akiulizwa. Tangu mitumba ijae sokoni watu walikuwa wameacha kushonesha nguo, na wiki moja tu iliyopita Phelesia alikuwa amemwambia Nyanchoka kwamba Desemba ikifika hatakuwa na kazi ya kumpa tena. Nyanchoka alijibu, "Haya, mama," akaendelea kukunja pindo. Phelesia hakulala vizuri tangu hapo. Angeweza kuvumilia mtu wa kumtukana, lakini mtu wa kusema "Haya, mama" alimshinda.

"Nyar Rusinga, kuna nini?" Orpah aliuliza. Alimwita hivyo, binti wa Rusinga, hata mbele ya wateja.

"Watu wa Denmark wanataka tovuti yangu."

"Wanataka nini yako?"

"Tovuti. Ni kama kibao cha duka, lakini kiko ndani ya kompyuta."

"Sasa kikiwa ndani ya kompyuta nani atakiona?"

Phelesia alisema kwamba hilo ndilo linalochunguzwa, akatoka nje upesi kabla hajaulizwa swali la pili.

Wa kwanza kuulizwa alikuwa Mwalimu Makori, aliyewafundisha watu wazima jioni katika shule ya msingi, darasa ambalo kila mtu aliliita ngumbaru. Muhula huo Mwalimu Makori alikuwa ameanzisha somo la kompyuta. Kompyuta hawakuwa nayo. Alikuwa ameichora kwa chaki ubaoni, kuanzia kioo mpaka vibonye, na wanafunzi waliitwa mbele mmoja mmoja kubonyeza. Phelesia alikuwa hodari. Aliweza kuandika jina lake lote ubaoni kwa vidole vyote kumi, akirudi nyumbani na chaki mpaka kwenye viwiko.

"Hiyo websaiti unaweza kuiandika mwenyewe, mama," Makori alimwambia. "Ni maneno tu na alama zake. Alama ukiifungua, lazima uifunge. Nina kitabu." Akamwandikia mfano katika daftari lake la mistari, na kwa juma zima Phelesia alinakili alama hizo kwa penseli, akizifungua na kuzifunga kwa uaminifu kama mtu anayetia vifungo. Lakini moyoni hakuamini kwamba kitu cha kuonwa na Wadenmark kinaweza kutoka katika mkono wake. Mkono wake aliujua.

Wa pili alikuwa Zubair, mfanyabiashara aliyetoka Isiolo akiwa kijana, akafungua duka katikati ya mji wa Migori. Hapo palipigwa chapa barua za maombi ya kazi, palitolewa nakala za vitambulisho, palitumwa faksi, na kwa miezi minane sasa palikuwa na kompyuta iliyounganishwa na simu. Zubair alikuwa amejisomea namna ya kutengeneza tovuti na alikuwa ametengeneza moja, ya mwuza ng'ombe wa Ogwedhi.

Wa tatu alikuwa kampuni ya Nairobi, ghorofa ya saba. Tangazo lake Phelesia alilikuta katika gazeti lililofungiwa sukari.

Basi akawaandikia wote wawili, wa Migori na wa Nairobi, kwa utaratibu wake wa kazi. Phelesia hakuwahi kukata kitambaa kabla ya kuona mfano. Kwaya ikitaka majoho, aliwaambia wamletee joho lao kuukuu na mwimbaji wao mnene kuliko wote. Hivyo aliwaagiza mafundi hawa nao wamletee mfano wa tovuti, ashike, aone. Hakuna aliyemwambia kwamba tovuti haishikwi. Wote wawili walichapisha kurasa kwenye karatasi, wakamtumia.

Hapo ndipo alipomshirikisha Mungu. Haikuwa kwa mzaha. Phelesia alikuwa mtu wa kufunga na kuomba, na kila jambo alilifikisha mbele za Bwana, hata bei ya uzi. "Bwana," alisema, akiwa amepiga magoti kando ya kitanda, "yule unayemtaka aifanye kazi hii, jibu lake lifike kwanza."

Jibu la Zubair lilifika keshoye, limeletwa na mtu aliyekuwa akija Homa Bay kununua omena, dagaa wa ziwani. Lilikuwa karatasi ya faksi, nyembamba kama ganda la kitunguu, imejikunja kama mtu mwenye homa. Kila akiinyoosha, ilijikunja tena.

Phelesia aliitazama sana. Jioni akapiga magoti. "Bwana," akasema, "huenda jana sikueleza vizuri. Nisamehe. Yule unayemtaka, awe amelitaja jina lako katika barua yake."

Barua ya Nairobi ilikuja baada ya siku kumi. Ilianza na salamu kwa mheshimiwa fulani, mwanamume, ikaisha na sahihi ya mtu aitwaye Caleb, na katikati Mungu hakutajwa popote. Ya Zubair, alipoichunguza tena akiikandamiza kwa mkasi ili isijikunje, ilikuwa imeanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema.

Lakini karatasi ya Nairobi! Ilikuwa nene, laini, inang'aa. Ilikuwa na rangi. Phelesia alifunga macho akaisugua kwa kidole gumba na cha shahada, kama alivyosugua kitambaa dukani kabla ya kununua jora, na vidole vyake vilivyokuwa vimeshona miaka ishirini na saba vikamwambia kwamba hii ni kazi ya nguvu, haitachuja, haitaruka. Akashusha pumzi. Akapiga magoti kwa mara ya tatu.

"Bwana, ishara zilizopita zilikuwa za kitoto. Sasa nionyeshe kupitia mikono yangu, maana ndiyo uliyonipa."

Mikono ikaonyesha. Jumapili alisimama kanisani wakati wa ushuhuda.

"Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Nilikuwa njia panda. Nikamuuliza Bwana mara moja, mara mbili, mara tatu. Na mara ya tatu akanijibu waziwazi: Nairobi!"

Kanisa likapiga makofi. Orpah, aliyekaa nyuma na aliyekuwa ameziona karatasi zote mbili, alimnong'oneza Nyanchoka, "Mara mbili za kwanza Mungu alikuwa anasema Migori. Nyar Rusinga akamshinda kwa hoja."

Caleb alifanya kazi haraka, hilo lazima lisemwe. Hakuja Homa Bay, hakuomba picha, hakuuliza karakana iko mtaa gani. Phelesia alimtumia kurasa nne za maelezo, na mwisho wa Septemba alipata barua fupi: tovuti iko tayari, anwani yake ni hii, nayo imekwisha kutumwa Denmark kwa barua pepe, asante kwa kutuchagua. Phelesia alibandika barua hiyo juu ya kioo. Ikabaki jambo dogo moja, kwamba yeye mwenyewe hakuwa ameiona tovuti yake. Mahali pekee alipojua panaweza kufunguliwa kitu kama hicho ni katika duka la mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemkataa.

Alijishauri wiki nzima. Jumamosi tarehe 9 akafunga safari kwenda Migori, akiwa na mkoba wenye daftari lake, barua ya Caleb na joho moja la mfano, maana hakuwahi kusafiri bila joho la mfano, hata msibani.

Zubair alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mwenye kofia iliyofumwa na subira ya mtu anayefanya kazi na mashine ya fotokopi. Alimpokea kwa mikono miwili.

"Karibu, Mama Majoho! Karibu sana. Nasikia Mungu alikuambia Nairobi."

"Imefika hadi huku?"

"Wanunuzi wa omena hawanyamazi. Keti. Sikukasirika hata kidogo. Mimi ni nani nishindane na Mungu? Nilishangaa tu kwamba amehamia ghorofa ya saba."

Phelesia alicheka kwa kuwa hakuwa na la kufanya. Alimwambia shida yake: alitaka kuiona tovuti kabla kamati haijaiona. Zubair akapiga simu kwa njia ya kompyuta. Mashine ikalia, ikakoroma, ikapiga mluzi, na wote wawili wakangoja. Kisha picha ikaanza kuja kutoka juu, mstari baada ya mstari, taratibu, kama mtu anayeshusha pazia kwa woga.

Kwanza zikaja nywele. Zilikuwa za manjano.

"Huyu ni mama wa Homa Bay gani?" Zubair aliuliza.

Likaja paji la uso. Yakaja macho ya buluu. Yakaja meno, mengi, na baada ya muda wa kutosha kukaanga samaki ukaja ukosi wa joho jekundu lenye ufito wa dhahabu. Phelesia hakuwa amewahi kushona ufito wa dhahabu maishani mwake. Nyuma ya mwanamke yule wakatokea wengine ishirini wa aina yake, wote wakicheka, wote wamevaa majoho ya mtu mwingine. Juu yao kulikuwa na msalaba unaozunguka na jina la karakana yake. Chini yao kulikuwa na maneno, na Phelesia aliyasoma mwenyewe, kidole kwenye kioo. Karakana yenye mafundi sitini. Tangu 1952.

Mwaka 1952 Phelesia alikuwa Rusinga, ana miaka mitano, na anapelekwa kisimani kwa fimbo.

"Tafadhali nipe simu," alisema.

Caleb alipatikana, kwa bahati, na alikuwa mchangamfu. "Mama yangu, usiwe na wasiwasi! Picha ni za mfano tu. Wazungu wanapenda hivyo. Ukiweka cherehani ya miguu pale watakuonea huruma, na huruma haiagizi majoho."

"Lakini nyinyi mmeandika mafundi sitini. Mimi nina wawili, na mmoja nimemwambia aende."

"Si utaajiri wengine ukipata kazi? Hiyo inaitwa maono, mama. Kubadilisha inawezekana. Wiki tatu hivi."

Kamati ilikuwa inakutana baada ya siku tano.

Phelesia aliweka simu chini. Adhana ya adhuhuri ilikuwa imeanza, na Zubair akachukua makubazi yake mlangoni. "Mama, mimi naenda msikitini, narudi sasa hivi. Niangalizie duka. Mtu wa fotokopi akija, mwambie asubiri."

Alipobaki peke yake Phelesia aliona nafasi ndogo kati ya mashine ya fotokopi na maboksi ya karatasi, akajipenyeza humo, akapiga magoti. Alifungua kinywa akakuta hana ishara ya kuomba. Ishara alizokuwa ameziomba zilikuwa zimejibiwa, ya kwanza na ya pili, wazi kabisa, na yeye ndiye aliyekuwa amezirudisha kama mteja anayerudisha joho kwa kuwa rangi haimpendezi. Alijiona alivyokuwa kando ya kitanda, mikono imekunjwa, anamsahihisha Mungu daftari. Aibu ikampanda. Halafu, Mungu amsamehe, kicheko nacho kikampanda, na akawa pale chini anatikisika, hajui mwenyewe kama analia.

"Mama, umepoteza kitu?" Alikuwa mwanamume mmoja mlangoni, na kitambulisho chake mkononi.

"Ndiyo, ndugu yangu. Akili. Subiri, mwenye duka anakuja."

Akainuka akapangusa magoti. Jambo lilikuwa limebaki moja tu, na halikuhitaji ishara. Tovuti ile ikibaki ilivyo, huenda wakapata kazi, na Nyanchoka akabaki. Na kila joho atakalolishona litakuwa limetanguliwa na uongo wenye jina lake juu. Akijitokeza kusema kwamba si yake, siku tano kabla ya kura, huenda wamfute kabisa, na Nyanchoka ataambiwa tena, na atasema tena, "Haya, mama." Phelesia alisimama katikati ya duka akiwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Alitamani sana kuwa mtu asiyejua kusoma, ili aseme hakuyaona maneno yale.

Zubair aliporudi na kumalizana na mtu wa kitambulisho, alimkuta amelifungua daftari juu ya meza.

"Bwana Zubair, nimekuja kuomba msamaha na kuomba kazi ifanywe leo. Kwa pamoja. Ukinikatalia ni haki yako."

Zubair alilivuta daftari. Alifunua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alama zilikuwa zimeandikwa kwa penseli, kubwa, zimenyooka, kila iliyofunguliwa imefungwa.

"Umejifunzia kompyuta gani?"

"Ya ubaoni."

"Ya wapi?"

"Ubaoni. Imechorwa kwa chaki."

Zubair alivua kofia, akakuna kichwa, akaivaa tena. "Subhanallah. Mimi nina hii ya umeme na bado nasahau kufunga." Akavuta kiti. "Haya, Mama Majoho. Wewe soma, mimi nabonyeza."

Phelesia akaanza kusoma. Alisoma kama anavyosoma risala ya harambee. Alianza kwa kumshukuru Mungu, akamsalimu Mchungaji Inger na familia yake, akaisalimu kamati na mwenyekiti wake, akazisalimu parokia zote saba, akaleta salamu za askofu, za kasisi, za umoja wa akina mama, za chifu, za Mwalimu Makori na wanafunzi wote wa ngumbaru.

"Mama," Zubair alisema, vidole vikiwa hewani, "hapa tumesalimia watu kumi na wanne na hatujaliona joho hata moja."

"Utaingiaje nyumba ya mtu bila kusalimu?"

"Ingia. Lakini hawa umewasalimia mpaka watalala. Sema salamu moja, ya wote."

Walivutana. Zilibaki salamu mbili, yake na ya chifu, kisha ya chifu nayo ikaondoka. Ikaja habari ya karakana: mafundi watatu, cherehani tatu za miguu, miaka ishirini na saba, kwaya kumi na tisa za Homa Bay, Kendu Bay na visiwani. Ikaja sentensi aliyoitunga mwenyewe kwa Kiingereza bila msaada, akimlazimisha Zubair asirekebishe chochote: kwamba tovuti waliyotumiwa mwanzo haikuwa yake, majoho yale hakuyashona, aliichagua kwa sababu karatasi yake ilikuwa nzuri, na anaomba radhi.

"Lazima hilo la karatasi?" Zubair aliuliza.

"Ndilo la kweli."

"Watakucheka."

"Mimi mwenyewe nimejicheka pale nyuma ya mashine yako. Hawatanizidi."

Ugomvi mkubwa ulikuja kwenye picha. Phelesia hakuwa na picha iliyopigwa, lakini Zubair alikuwa na mashine ya kunakili vitu na kuviingiza katika kompyuta. Phelesia alitoa joho mkobani, akaligeuza, akalilaza juu ya kioo.

"Umelilaza ndani nje."

"Najua. Nje kila mtu hupendeza. Anayejua kazi hutazama mshono wa ndani. Waone jinsi tunavyofunga kingo, hakuna uzi unaoning'inia. Halafu tuweke ya mbele, ya nyuma, ya ukosi, na ya mkono."

"Moja."

"Tano."

"Moja, mama. Umeona yule mwenye nywele za manjano alivyokuja? Ukiweka tano watafikia ukosi Krismasi."

"Yule wa Nairobi aliweka ishirini!"

"Basi mrudie."

Phelesia alinuna kweli kweli. Alikaa kando amekunja mikono huku Zubair akimalizia, na alikuwa na hakika kwamba kazi inamponyoka kwa sababu ya ukaidi wa mtu mmoja wa Migori asiyejua majoho. Alasiri ikaingia, Zubair akaenda akarudi. Kabla jua halijatua ukurasa ulikuwa umekwenda mahali unakokwenda, na anwani yake ilikuwa imetumwa kwa Mchungaji Inger.

Keshoye, Jumapili, alisimama tena kanisani.

"Bwana asifiwe."

"Amina!"

"Lile nililowaambia kwamba Bwana alisema Nairobi. Bwana hakusema. Niliyesema ni mimi."

Makofi hayakujua kama yapigwe. Mtu mmoja alipiga mawili akaacha. Orpah peke yake ndiye aliyesema "Amina" kwa sauti, na aliisema kwa furaha isiyofaa.

Alhamisi ilipita. Phelesia alishona siku hiyo mkono wa joho juu chini, akaufumua, akaushona tena juu chini. Ijumaa jioni katika darasa Mwalimu Makori alimwita ubaoni, naye Phelesia akabonyeza, akakosea jina lake mwenyewe. Jumamosi akaenda Migori.

Zubair alikuwa amekwisha kuichapisha barua pepe, akaiweka mezani, uso juu.

"Isome mwenyewe," alisema. "Mimi nimenyamaza tangu jana asubuhi, na nimeumia."

Phelesia akaisoma, midomo ikicheza, na safari hii hakujali. Mchungaji Inger aliandika kwamba kompyuta ya ofisi yao ni kuukuu, waliichukua kwa shule moja iliyokuwa ikiitupa. Kamati ilikusanyika. Tovuti ya karakana ya kwanza haikufunguka. Ya pili ilionyesha nusu ya dirisha la kanisa, kisha mashine ikazimika. Ile ya kwanza ya Phelesia waliijaribu kwa udadisi, wakaona nywele za manjano, wakanywa kahawa, wakarudi, wakakuta bado ni nywele. Yake mpya ilifunguka. Ndiyo pekee iliyofunguka. Waliisoma yote, na walipofika kwenye habari ya karatasi mwenyekiti alicheka hadi akavua miwani, kwa kuwa ndivyo alivyochagua gari lake, kwa uzuri wa kijitabu chake cha matangazo. Walipiga kura. Wangependa majoho mia mbili na kumi.

"Endelea," Zubair alisema. "Kuna zaidi."

"Kuhusu picha," Phelesia alisoma polepole, "hatukuelewa ni ya nini. Mmoja wetu alidhani ni ramani ya shamba lako. Ni shamba zuri."

Zubair aligeukia ukuta. Mabega yalikuwa yakitikisika.

"Cheka tu," Phelesia alisema. "Cheka, Bwana Zubair. Wiki nzima nimekuwa nikitayarisha ushuhuda kuhusu mshono ule. Nilikuwa na pointi saba."

"Na ungeweka tano," Zubair alisema alipopata sauti, "wangepata mashamba matano."

"Wasingepata hata moja. Ungenisikiliza ningepoteza kazi." Alisema hivyo, akaikunja barua kwa uangalifu, kona kwa kona. "Asante kwa kunikatalia."

"Mama, mimi nilikuwa naogopa bili ya simu. Usinipandishe cheo."

Alirudi Homa Bay jua likiwa limeelekea ziwani. Karakana ilikuwa bado wazi. Orpah alikuwa akifagia vipande vya kitambaa, na Nyanchoka alikuwa akipaka mafuta cherehani ambayo hakutarajia kuitumia mwaka mpya, polepole, kila kiungo.

"Nyar Rusinga," Orpah alisema, akiegemea ufagio, "kwa uso huo sijui nilie au niimbe."

Phelesia alikuwa ametunga maneno njiani. Alikuwa amepanga kuanza na shukrani, kisha safari, kisha barua, hatua kwa hatua. Alipomwona Nyanchoka ameinua macho, yote yakamtoka.

"Nyanchoka, huendi," alisema. "Mia mbili na kumi. Huendi popote."

Nyanchoka aliweka kopo la mafuta chini. Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, na kwa muda Phelesia aliogopa kwamba atasema tena lile neno lake.

"Watu wa huko," Nyanchoka aliuliza, "warefu kiasi gani?"

"Inger alipokuja hapa aliinama mlangoni."

"Basi jora tulilo nalo halitoshi hata kwaya moja," alisema Nyanchoka, na akafungua droo kutafuta kalamu.